Maji Yalivyotoka Kinamaweni

Na hao wanaomwita Muaz "komandoo wa maboksi" nao wanyamaze, maana hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulala kwenye tope huku anatafutwa na bunduki. Mnakunywa kahawa zenu hapo Mtaa wa Sikukuu, bodaboda inapasua ekzosi, mtu wa watu anaruka nyuma ya robota la vitenge, na nyinyi mnashika matumbo kwa kucheka. Kinachochekesha ni nini? Hivi mnajua hata anakimbia nini? Hamjui. Basi tulieni mjue. Na mkishajua msije mkaanza kusema ni shujaa, kwa sababu hilo nalo ni uongo.

Muaz Sheikhan ana miaka thelathini na moja, kazaliwa Kariakoo, kakulia Kariakoo. Anafunga mizigo kwenye duka la Evarista, yule mama wa Kihaya anayeuza vitenge na mashuka kwa jumla karibu na kona ya Mtaa wa Kongo. Mteja wa mkoani akishanunua, Muaz anaupanga mzigo, anauzungushia turubai, anaushona kwa sindano ya gunia, anaandika jina la mwenye mali kwa wino mweusi, makuli wanaubeba kwenda kwenye basi. Anashona vizuri, mzigo wake haujawahi kufumuka njiani. Ila anashona mgongo umeegemea ukuta, macho barabarani. Mpe kiti cha kuipa barabara mgongo, hakai. Mlango wa chuma ukiteremshwa kwa nguvu, huyo, kashatoka mbio.

"We Muaz," Evarista humwambia, "siku moja utakimbia na mzigo wa mteja mpaka Ubungo, mimi niitwe mwizi."

"Samahani mama."

"Samahani yako nimeshaijaza gunia. Shona."

Na kitu kingine, hiki watu wachache wamekigundua. Huyu mtu ni wa pwani, ukoo wao uko Dar tangu babu wa babu, lakini alikuwa ana mwaka wa tatu hajaiona bahari. Kutoka dukani mpaka Feri ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Hajawahi kwenda. Ukimtuma Posta anazunguka njia za ndani, asije akapata ile harufu ya maji yakiwa yametoka na tope limebaki wazi.

Sasa Jumanne moja asubuhi, duka limejaa, akaja mwanamke kavaa buibui jeusi, kasimama mlangoni. Winga wa dukani, yule anayevuta wateja barabarani, akamdaka.

"Karibu dada'angu, vitenge vipya, mzigo wa jana huu!"

"Sinunui. Namtaka huyo anayeshona."

Sindano ikamchoma Muaz kidole gumba. Alikuwa Anfal, mke wa Hashimu. Hashimu na Muaz walisoma darasa moja, wakaingia jeshini mwaka mmoja, wakachaguliwa kikosi kimoja. Mmoja tu ndiye aliyerudi.

"Asalaam aleikum, shemeji," Anfal akasema.

"Waaleikum salaam."

"Idi umeniona ukageuza njia. Juzi msikitini umemwona mkwe wangu ukatokea mlango wa nyuma."

"Kazi nyingi, shemeji."

"Kazi ya kukimbia wazee?"

Winga akacheka. Anfal akamgeukia. "Na wewe kacheke na vitenge vyako." Winga akarudi barabarani kwa wateja wake.

Anfal akachuchumaa karibu na robota, akaongea taratibu, na huo utaratibu wake ndio uliomtisha Muaz kuliko makelele. "Mume wangu kaandikwa hajulikani alipo. Miaka miwili na miezi saba. Bi Amna, mama yake, mpaka leo anapakua sahani yake. Mkwe wangu hataki kusikia hitima, anasema hamziki mwanawe kwa karatasi. Sheikh kasema akipatikana mtu aliyemwona kwa macho yake akifa, tunamswalia, kila kitu kinaeleweka. Asipopatikana, nisubiri mpaka itimie miaka minne. Mimi sio mke, sio mjane. Shuka nyeupe ya eda nimeinunua tangu mwaka juzi, iko kabatini, naogopa hata kuifungua."

"Mimi nilikuwa mbele," Muaz akasema. "Sikuona."

"Hayo ndiyo uliyowaambia wakubwa zako. Mimi sio mkubwa wako." Akainuka, akakung'uta buibui. "Alhamisi, baada ya alasiri, nyumbani Mtaa wa Mafia. Sheikh atakuwepo. Ukija, njoo na ukweli. Usipokuja, siku ukiniona barabarani usinisalimie."

Akaondoka. Muaz akaendelea kushona. Damu ya kidole ikaingia kwenye turubai, na mzigo ukaenda Tabora hivyohivyo.

Aliona, bwana. Aliona kila kitu.

Ilikuwa vita ya nchi ya watu, majeshi ya nchi kadhaa yamekwenda kusaidia. Waasi walikuwa wameushika mji mmoja wa pwani, Kinamaweni, mwaka mzima. Ndani ya mji kuna jengo la zamani la forodha, na habari ikaja kwamba mkubwa wa waasi analala humo. Ukapangwa mpango: boti tatu za mpira, watu ishirini na nne, waingie kwa bahari, wamkamate akiwa kitandani, watoke. Wapangaji wakachagua siku ya mwezi kuandama, maana siku hiyo mbingu haina mbalamwezi, giza tupu, adui hakuoni.

Muaz alikuwa koplo, kiongozi wa boti moja. Hashimu alikuwa ndani ya boti yake. Sasa Hashimu ni mtoto wa mvuvi, Mzee Abdulkadiri wa Feri, amelelewa ndani ya ngalawa kabla hajajua kusoma. Siku mbili kabla ya shughuli, akamvuta Muaz pembeni.

"Koplo, hiyo siku ni bamvua."

"Ndiyo nini?"

"Mwanangu, wewe mtu wa pwani gani?" Hashimu akacheka. "Mwezi ukiandama maji yanajaa sana na yanatoka sana. Saa kumi alfajiri yatakuwa juu, boti zitaingia mpaka kwenye mikoko, raha mustarehe. Lakini yakianza kutoka, yanatoka kwelikweli. Jua likichomoza boti zimekaa kwenye tope kama zimepaki gereji. Na sisi tutakuwa bado kule ndani. Kawaambie wabadilishe siku."

Muaz akaenda. Akafika mpaka kwenye mlango wa hema la wakubwa. Ndani kulikuwa na askari mmoja anauliza swali la ramani, na meja akamjibu, "Kumbe jenerali ni wewe? Njoo basi ukae kiti changu." Hema zima likacheka. Muaz akasimama pale nje, kofia mkononi. Akajiona na yeye anaingia, anasema habari za mwezi na maji, na hema zima linamcheka. Akageuka.

"Umewaambia?" Hashimu akamuuliza.

"Nimewaambia. Wamesema shughuli yenyewe ya lisaa limoja, maji yakitoka sisi hatupo."

Hashimu akatikisa kichwa. "Haya. Kama wamejua, poa."

Hakuna aliyejua.

Saa kumi waliingia kama alivyosema, maji yako juu, boti zinateleza katikati ya mikoko bila hata mlio. Wakazifunga, wakaacha watu watatu walinde, wakatambaa mpaka forodhani. Wakavunja mlango. Hamna mtu. Vyumba vitupu, magodoro yamekunjwa, mbuzi wawili wamefungwa kwenye nguzo. Yule waliyemfuata alishahama. Hapo wangegeuka palepale wangepona. Lakini aliyeongoza akasema lazima wakague chumba kwa chumba, darini, stoo, kila mahali, wasirudi mikono mitupu. Lisaa limoja likawa mawili. Halafu risasi ikalia kutoka kwenye minazi, ikafuata nyingine, ikawa mvua.

Wakarudi nyuma wakipigana, kurudi baharini, na kukapambazuka. Wakatokea kwenye mikoko.

Bahari haikuwepo.

Ilikuwa mbali kule, mstari mweupe. Huku ni tope, jeusi, linang'aa, na boti zao tatu zimelala juu yake ubavu. Walinzi walioachwa walikuwa wanaivuta moja kwa kamba, haitikisiki. Hashimu akamtazama Muaz. Lile jicho ndilo ambalo Muaz anakutana nalo kila mlango wa chuma unapoteremshwa Kariakoo.

Wakakimbia juu ya tope wakijaribu kuyafikia maji. Nani anakimbia juu ya tope la mikoko? Linakushika mguu wa kwanza, ukiuvuta linachukua wa pili. Juu ya paa la forodha kukawa na mtu mwenye bunduki, anachagua mmoja mmoja, taratibu, kama anachambua mchele. Hashimu akapigwa nyongani, akaanguka, alipojaribu kuinuka akazama mpaka mapajani. Muaz akajirusha kwenye kichaka cha mikoko, akalala katikati ya mizizi, uso kwenye maji ya chumvi. Akapima kwa macho, kama walivyofundishwa. Hatua thelathini.

"Muaz," Hashimu akaita. Hakusema koplo. "Muaz, nivute tu mkono."

Muaz hakujibu. Akijibu, mtu wa paa atajua alipo. Akaing'ata kola ya shati lake.

Ikafika saa mbili. Saa tatu. Kila baada ya muda Hashimu anaita, anangoja, anaita. Saa nne akaacha kuita. Jua likamkalia kichwani, nzi wakaja. Kaa wakaanza kutoka mashimoni, wakamsogelea, na Muaz anawaona, na hawezi hata kuwatupia jiwe. Ilipofika saa sita maji yakaanza kurudi, polepole, yanakuja na povu dogo. Hashimu akainua kichwa, akayaangalia. Mtoto wa mvuvi, alijua yanakuja kufanya nini. Akaanza kutamka shahada. Akairudia, akairudia, sauti haitetemeki, mpaka maji yalipofika kidevuni. Ya mwisho aliimaliza. Halafu pakawa maji tu.

Jioni Muaz akaelea na yale maji yanayotoka, ameshika dumu tupu la mafuta, boti ya kikosi ikamwokota. Walirudi watu tisa. Alipoulizwa juu ya Hashimu akasema, nilikuwa mbele, sikuona. Akaomba kuacha kazi, wakamwacha.

Sasa rudi Alhamisi. Asubuhi hiyo alishona mzigo mmoja akaufumua mara tatu. Evarista akamtazama juu ya miwani.

"Leo una nini wewe? Una homa?"

"Hapana mama. Nimeitwa mahali."

"Polisi?"

"Msibani."

"Nani kafa?"

Muaz akaichomeka sindano kwenye turubai tena. Evarista akampokonya sindano. "Nenda. Kwanza unanitishia wateja."

Mtaa wa Mafia uko hapohapo, hata jasho halijakutoka umefika. Lakini miguu ikakata kulia, ikavuka barabara ya Msimbazi, ikaenda zake Mnazi Mmoja. Kichwani alikuwa na mpango: afike Posta, apande gari lolote, ashuke mwisho wa safari, aanze maisha kwingine. Kila mzee mwenye kanzu aliyepishana naye alimwona ni Mzee Abdulkadiri.

Alipofika kwenye uwanja wa Mnazi Mmoja, lori la mchanga likapasuka tairi.

Muaz akaenda chini. Palepale, kifua kwenye vumbi, mikono kichwani. Watu wakaruka, halafu walipoona ni tairi, wakaanza kucheka. Wakamzunguka, kwa mbali, si unajua watu wa mjini, hakuna anayegusa.

"Oya, rekodi, rekodi!"

"Huyu kala nini?"

"Ana mashetani huyo, msimsogelee. Mwacheni, atanyamaza mwenyewe."

Hilo neno likamwingia Muaz sikioni pale chini. Atanyamaza mwenyewe. Kumbe alikuwa anapiga kelele na hajijui. Na wale wamesimama, wanangoja anyamaze, kama yeye alivyongoja mikokoni.

Akatokea mwanamke mmoja anayeuza matunda ya kukata, Mektilda, kavaa aproni, kisu bado kiko mkononi. "Nyie wanaume wazima! Mtu yuko chini mnampiga picha? Toka hapa!" Akaweka kisu kwenye ndoo, akamshika Muaz mkono, akamvuta mpaka akakaa kitako. "Kaka, tulia. Tairi hiyo. Tairi tu."

"Nilikuwa nasema nini?"

"Unaita mtu. Hashimu, Hashimu, nakuja. Ni ndugu yako?"

"Ndiyo."

"Basi si uende? Mbona unamwambia unakuja halafu umelala huku?"

Mektilda hakujua anachosema, alikuwa anamtuliza tu. Lakini Muaz akainuka, akageuka alikotoka.

Alifika Mtaa wa Mafia alasiri imeshapita zamani. Akasimama nje ya mlango. Akapiga hodi kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia. Akapiga tena.

Ndani, kwenye jamvi, yuko Mzee Abdulkadiri, miguu imevimba, mikono bado ya mtu wa kuvuta nyavu. Pembeni yake Sheikh Ramadhan wa msikiti wa mtaani. Bi Amna kakaa karibu na pazia la chumba, Anfal kasimama nyuma yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umechelewa. Kaa."

Akakaa. Sheikh akamwambia aseme alichokiona, asiongeze wala asipunguze, Mungu anasikia. Muaz akaanza. Akasema boti, akasema forodha, akasema walivyotokea mikokoni wakakuta tope. Hapo Mzee Abdulkadiri akainua mkono.

"Ngoja. Ilikuwa mwezi gani, tarehe ngapi ya Kiislamu?"

"Mwezi umeandama, mzee."

"Mwezi umeandama." Mzee akalirudia polepole. "Bamvua. Mmeingia saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri."

Mzee akakunja vidole, akahesabu maji kichwani, na Muaz akaona uso wa yule mzee unafika penyewe kabla hajaambiwa. "Mtoto wangu mimi," mzee akasema, "nimemfundisha maji kabla ya alifu. Hashimu asijue hilo?"

Hili ndilo swali alilolikimbia kwa miaka miwili na miezi saba. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Barabara ile pale.

"Alijua, mzee. Aliniambia mimi nikawaambie wakubwa. Niliogopa kuchekwa, sikuwaambia. Nikamdanganya kwamba nimewaambia."

Nje mkokoteni ulipita, "sogea, sogea," ukaisha. Muaz akaendelea kwa sababu akinyamaza hataweza tena. Akasema hatua thelathini. Akasema aliitwa, hakujibu. Akasema kaa. Akasema maji.

Bi Amna akamkatiza kutoka kwenye pazia. "Alitamka?"

"Alitamka, mama. Mara nyingi. Ya mwisho nimeisikia mpaka mwisho."

"Aliimaliza?"

"Aliimaliza."

Bi Amna akaufunika uso kwa mtandio, akaanza kulia bila sauti. Sheikh akasema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," na chumba kizima kikaitikia, isipokuwa Anfal.

"Sheikh," Anfal akasema, "basi nakwenda kuvaa shuka yangu. Eda naianza leo."

Sheikh Ramadhan akainamisha macho. "Mwanangu, eda haihesabiwi tangu siku ya habari. Inahesabiwa tangu siku aliyokufa. Miezi minne na siku kumi. Yako imeisha zamani."

"Imeisha?"

"Zamani, mwanangu."

Anfal akabaki kasimama, anahesabu. "Ndani ya miezi hiyo ndipo alipoolewa Sitara," akasema. "Wifi yangu. Nilipaka hina mpaka kwenye viwiko. Nilicheza." Akamgeukia Muaz. "Na wewe ulikuja. Ulikaa nje na wanaume, ukala pilau. Uliniona nimepaka hina, mjane ndani ya eda yake, ukanawa mikono ukaondoka."

Ni kweli alikula pilau.

"Bora ungenipiga," Anfal akasema, akaingia ndani.

Mzee Abdulkadiri akaangalia viganja vyake. Halafu akasema, bila kumtazama Muaz, "Swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, baada ya magharibi. Wewe ni shahidi, utasimama. Lakini usisimame safu yangu."

Akasimama safu ya mwisho, karibu na viatu. Hakuna aliyempa mkono. Kesho yake alikuwa dukani, mgongo ukutani, anashona. Hajapona, msijidanganye. Mlango wa chuma bado unamkimbiza. Ila Bi Amna hapakui tena ile sahani.

Walikwenda watu ishirini na nne, wakarudi tisa. Toa Hashimu, bado kuna nyumba kumi na nne zinapakua sahani, na wanawake wanapaka hina hawajui kama ni wajane. Na nyinyi wanane mliobaki mpo, wengine mko hapahapa mjini, mnasoma hii, mnajua nani mlimwona akifa na wapi. Leo hii, sio kesho, nendeni kwao mkapige hodi, mkaseme.